Nguzo Zenye Viatu

Baba,

Nguzo zako bado zimesimama. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya afya ya Mama, ambaye hajambo na anakusalimu.

Lakini mwezi uliopita zilikuwa karibu kuondoka. Kaka Khalfan amenunua gari refu kama basi, na hapa nyumbani Azaiba kivuli pekee cha kulitosha ni varanda yako. Nguzo zako nne za chuma zikamzuia kuingia. Akasema zikatwe.

Nilikataa, na nilipotafuta sababu nikajikuta nasema maneno yako. Kwamba zamani kwenu Unguja, kabla hujavuka bahari kuja huku, chumba kilikuwa na upana wa boriti ya mkoko, hata uwe sultani, maana boriti haifiki mbali. Kisha, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, kikaja chuma, na Beit al-Ajaib, jumba la sultani, ikasimama Forodhani na varanda pana kila ghorofa, taa za umeme, na baadaye lifti. "Ulaya na Amerika ndiyo kwanza wanajaribu chuma, sisi tushajenga," ulikuwa ukituambia, kana kwamba wewe ndiye uliyeshika ngazi. Lifti yenyewe hukuwahi kuipanda. Ulikuwa mtoto, na hata getini walikufukuza.

Khalfan akanijibu, "Beit al-Ajaib haikupimwa kwa simu."

Hapo alinishika, Baba. Ulimpigia fundi wa kuchomelea kule mtaa wa Ghala ukamwagiza nguzo za dhiraa saba. Ulizihesabu kwa mkono wako, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na wewe ulikuwa mrefu kama mnara. Yeye, mtu mfupi, akapima kwa wake. Nguzo zikaja, na juu ya kila moja ikabaki nafasi ya kulala paka. Hukukubali kwamba ni kosa. Ukaziinua, ukazijengea saruji chini, mpaka magotini, ukatwambia nguzo za chuma huvaa viatu, ndivyo zilivyo.

Nakumbuka pia siku tuliposikia upande mmoja wa Beit al-Ajaib umeanguka. Ulitoka nje ukazishika nguzo zako moja moja, kisha ukarudi ukaomba chai.

Basi Khalfan akamleta mhandisi. Akaigonga nguzo ya kwanza, ikalia kama sufuria tupu. Akatazama juu, akasema dari inajibeba kwa zege yake, nguzo hazibebi kitu.

"Si mnaona?" akasema Khalfan.

Mama alikuwa kaketi pale pale, anamenya vitunguu. "Hata baba yenu alikuwa habebi kitu humu ndani," akasema. "Ndoo ya maji habebi, kikapu cha sokoni habebi. Mie nilimkata?"

Mhandisi akajishughulisha na kamba yake ya kupimia.

"Nnapotoka alfajiri," Mama akaendelea, "hiyo ya kwanza ndo nnayoishika nikishuka ngazi. Haya, gari lako ntalishika wapi?"

Gari sasa linalala juani. Tumelivika turubai, na ukiliona utadhani ni ngamia mgonjwa.

Nyumba imekuwa kimya tangu uondoke. Hakuna anayetuambia sisi tulikuwa wa kwanza. Ila Ijumaa iliyopita mgeni wa Khalfan aliegemea nguzo ya pili, akaanza kuigonga kwa pete yake. Nikangoja kicheko cha Khalfan. Kaka akamshika mkono taratibu, akamwambia, "Usiigonge, bwana. Hiyo ndiyo inayobeba nyumba."

Nikaingia ndani, nikajifanya natafuta vikombe.

Pumzika, Baba, Mungu akupanulie mahali pako kuliko varanda yoyote. Kabla ya kila Idi nitazipaka ile rangi yako ya kijani, na viatu pia. Na yeyote atakayeuliza kwa nini zimevaa viatu, nitamwambia nguzo za chuma ndivyo zilivyo.

Mwanao,
Zuwena