Kiti cha Dakika Saba

Jumamosi, 1 Februari

Somo la kwanza. Chumba cha nyuma cha ofisi ya ustawi. Viti vya plastiki ishirini, watu kumi na mmoja. Feni inazunguka lakini haipepei — beringi imekwisha. Hakuna aliyeniuliza.

Mwalimu ni afisa kijana, binti wa miaka kama ishirini na sita. Kasema hana mtoto, kabla hatujamuuliza. Nikampenda kwa hilo. Mimi pia sina. Nina Meneja tu: binti wa mdogo wangu wa kike, miaka saba, yuko kwangu tangu Novemba. Jina nimempa mimi. Siku ya pili tu alizipanga bisibisi zangu kwa urefu, kisha akanieleza makosa yangu.

Mama yake yuko hospitali, anaachishwa pombe. Mara ya pili hii. Kabla ya kufika kwangu mtoto kapita nyumba tatu kwa miaka miwili: kwa bibi upande wa baba, kwa jirani, halafu kwa walezi wa kambo waliopangwa na ofisi. Sasa ofisi inataka kuamua: abaki kwangu moja kwa moja, au apelekwe kwa mke na mume wenye cheti. Mimi sina mke na sina cheti. Mke ni habari ndefu. Cheti ni masomo sita.

Kitabu tulichopewa cha masomo, ukurasa wa tatu: Funga macho, kumbuka siku mtoto wako alipozaliwa. Tukafunga, watu kumi na mmoja. Siku hiyo nilikuwa kwenye bucha, nimelala chini ya friji kubwa nabadilisha kompresa. Mdogo wangu alipiga simu mara nne. Mikono ilikuwa na grisi, sikupokea. Ndicho nilichokumbuka. Bibi aliyekaa pembeni yangu, analea wajukuu wanne, alikoroma.

Jumapili, 2 Februari

Nimekisoma kitabu chote. Si kibaya. Kimeandikwa na watu wenye akili.

Ila fundi aliyenifundisha kazi alikuwa na utaratibu wake: kitabu cha friji hakitoki kwenye karakana bila penseli. Kitabu kinasema geuza swichi hii, mwanga utawaka. Wewe umegeuza, haukuwaka. Basi andika pembeni, na tarehe. Alisema kitabu huandikwa na mtu mwenye friji mpya, sisi tunaletewa zilizohama nyumba tatu. Miaka thelathini nafanya hivyo. Mkono unajiendea wenyewe.

Kwa hiyo ukurasa wa tatu nimeandika: Sikuwepo. Weka swali lingine. Mfano: siku alipofika kwako alibeba nini?

Ukurasa wa kumi na moja: Mwambie mtoto, mimi ni mzazi wako, sitakuacha kamwe. Nimeandika: Mama yake alimwambia hivyohivyo. Mwambie kesho utapika nini, halafu upike.

Nikaandika pia: Mtoto si friji. Ili mtu asije akanielewa vibaya.

Jumapili, 9 Februari

Jana somo la pili, kusifu. Sawa. Nimesifu sana. Meneja kaniuliza kama naumwa.

Leo saa kumi ndiyo zamu ya mama yake kupiga simu. Hakupiga. Meneja kakaa na simu mapajani mpaka saa kumi na mbili. Kisha kaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Nimetafuta kwenye kitabu: simu isipopigwa, mlezi afanye nini? Hakuna. Kuna kurasa nne za mtoto asiyetaka kula mboga.

Nilimkasirikia mdogo wangu kwelikweli. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo. Ukilea mtoto wa mtu baki unaweza kumchukia huyo mtu ukapumzika. Mimi siwezi. Hilo nalo nimeliandika, ukurasa wa ishirini, pembeni, herufi ndogo.

Jumatano, 12 Februari

Nimekuta mkate chini ya mto wake. Vipande vitano. Kimoja kimeota ukungu. Nimeweka kopo lenye mfuniko kando ya kitanda chake, mkate ndani. Kalitazama. Kaniambia kopo lingewekwa kushoto.

Nikaliweka kushoto.

Jumamosi, 22 Februari

Somo la nne: Kiti cha Kutulia. Mtoto akikosa, akae peke yake kwenye kiti, mahali pasipo na michezo. Dakika moja kwa kila mwaka wa umri. Usiongee naye. Usimtazame. Kila ukifanya, weka tiki kwenye jedwali. Tiki nane, somo limekamilika. Somo lisipokamilika, hakuna cheti.

Bwana mmoja aliye mlezi wa kambo akauliza: na kama mtoto hakosei mara nane? Mwalimu akageuza kurasa. Akasema watoto wote hukosea. Tukaridhika.

Jumanne, 25 Februari

Sitaki kuiandika hii, lakini bila kuiandika itanikaa kooni.

Mchana Meneja kakata waya wa friji ya mteja. Kwa mkasi! Alitaka nyuzi za shaba, amfanyie mwanasesere nywele. Bahati haikuwa imechomekwa. Nilipiga ukelele mpaka fundi viatu wa jirani akachungulia. Ingekuwa imechomekwa je?

Nikavuta pumzi kama tulivyofundishwa. Kiti nikakiweka karibu na mlango, kwa kuwa huko ndiko hakuna michezo. Nikamwambia kaa hapo, dakika saba. Kakaa bila ubishi. Nikasema moyoni, aisee, kitabu kinafanya kazi. Nikampa mgongo, nikaanza kumenya ule waya.

Dakika ya tatu nikasikia kanyanyuka. Sikugeuka. Usimtazame, kimesema. Karudi, kakaa. Dakika saba zikaisha, nikageuka.

Amevaa viatu vya kutokea. Sweta limefungwa vifungo vyote, na jua lile. Mapajani ule mfuko wake wa mistari aliokuja nao, umejaa. Na lile kopo la mkate juu yake.

Kaniuliza: Mjomba, wanakuja na gari au kwa miguu?

Nikamuuliza ni akina nani hao. Kasema: wa kunichukua.

Kanieleza: nyumba zote tatu, siku ya kuhamishwa, walimkalisha kwenye kiti karibu na mlango na kumwambia atulie. Ofisini hakuna aliyeniambia. Faili lake lina kurasa arobaini, na hilo halimo.

Nilikaa chini sakafuni, hapohapo. Nikamwambia hakuna anayekuja. Kasema sawa. Hakuvua viatu mpaka jioni.

Nimelia. Mtu mzima, bisibisi mkononi. Basi.

Jumatano, 26 Februari

Ukurasa wa kumi na saba, pembeni: 25/2. Nimefanya kama ilivyoandikwa. Mtoto kafungasha. USIFANYE kwa mtoto aliyehamishwa.

Chini yake: Jaribu viti viwili. Mlezi akae naye. Mlango usionekane.

Leo kamwaga sabuni ya unga yote kwenye ndoo moja, eti ikae mahali pamoja. Nikaweka viti viwili dirishani. Tukakaa. Sikuongea. Dakika ya tano kasema: na wewe umekosa nini? Nikasema jana nilipiga kelele. Kasema basi ukae dakika zako zote. Mimi nina miaka hamsini na sita. Nikakaa kumi na tano, nikaomba msamaha, nikaruhusiwa.

Jumamosi, 1 Machi

Ukaguzi wa jedwali. Langu halina tiki. Kwenye nafasi ya tiki nimeandika: Haikufanyika, tazama uk. 17.

Bibi wa wajukuu wanne kaninong'oneza: weka tiki baba, uende zako. Yeye kaweka zote nane. Nikamuuliza wajukuu walitulia? Kasema nyumbani kwake hana hata hicho kiti.

Nilishika kalamu. Nasema kweli, niliishika. Tiki nane tu, nani angejua? Lakini miaka kumi na mbili iliyopita niliandika "imepimwa" kwenye friji ambayo sikuipima. Jiko la watu liliungua upande mmoja. Tangu siku ile mkono wangu unagoma. Nikaiweka kalamu chini.

Mwalimu kasoma ukurasa wa kumi na saba akiwa amesimama. Kisha kakaa. Kasoma na kurasa nyingine. Kaomba aondoke na kitabu changu, amwonyeshe mkuu wake. Kasema ofisi imeagizwa kukirekebisha kitabu kwa ajili ya walezi wa kambo na ndugu wanaolea, na mwaka mzima marekebisho yaliyofanyika ni kufuta neno "mzazi" na kuandika "mlezi".

Nikampa. Nilifurahi, mjinga mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu kaja karakana mwenyewe. Kakataa kukaa. Nilipoona hivyo nikajua.

Mkuu wake kasema kitabu kimefanyiwa utafiti, na ni kweli, kimefanyiwa. Mwalimu kamwambia utafiti ulikuwa wa wazazi na watoto wao wa kuzaa. Mkuu kasema ndiyo maana tumebadilisha neno. Halafu kasema mlezi anayebishana na kitabu atabishana na ofisi. Kitabu changu kimewekwa kwenye faili la Meneja. Kitasomwa mbele ya jopo, Ijumaa ya wiki ijayo, siku ya uamuzi.

Mke na mume wenye cheti wameshapigiwa simu wakae tayari.

Mwalimu kasema: nisamehe mzee wangu, nilidhani nakusaidia. Nilitaka kumfokea. Macho yake yalikuwa mekundu tayari, nikaona kazi imeshafanyika. Nikamuuliza kama naweza kwenda na raba nifute. Kasema penseli yako umeikandamiza sana, baba, itabaki alama.

Ni kweli. Nakandamiza.

Jumamosi, 8 Machi

Somo la mwisho. Vyeti kumi. Nimewapigia makofi wote. Bibi wa wajukuu wanne alipopokea chake kanitazama, kakikunja mara nne na kukitia kwenye mkoba kama risiti.

Baada ya hapo kakataa kuondoka. Kamwambia Mwalimu aandike: tiki zake nane ni za uongo, na ile habari ya viti viwili kaijaribu kwenye mkeka, wajukuu wawili kati ya wanne walitulia. Mwalimu kamwonya kwamba cheti kinaweza kurudishwa. Kasema kirudi tu, wajukuu hawajaomba kukiona.

Feni nimeitengeneza. Siwezi kuvumilia zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Mama yake kapiga! Saa kumi kasoro dakika mbili. Wameongea mambo ya mwanasesere. Kisha nikapewa simu. Mdogo wangu kaniuliza, kaka, watamchukua? Nikamwambia sijui. Kasema usikubali. Nikamwambia usinifundishe kazi. Halafu kasema asante, na mimi nikakata simu haraka kabla hajasikia kitu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemweleza Meneja habari za kesho. Kwamba tutakwenda ofisini, watu wataongea, na kwamba mimi nataka abaki. Nimesema wazi: nataka ubaki. Kauliza kama wao pia wanataka. Nikasema ndilo la kujua kesho. Kauliza kesho nitapika nini. Nikasema wali na maharage. Kasema sawa, basi loweka maharage.

Nimeloweka.

Ijumaa, 14 Machi

Saa nne na robo asubuhi. Naandika nikiwa kwenye korido ya ofisi, daftari gotini. Viti vimepangwa ukutani, na vya kwetu viko karibu kabisa na mlango. Niliomba tusogee. Karani kasema ndipo wanapokaa wanaosubiri kuitwa.

Ndani wanasoma kitabu changu kwa sauti. Nasikia vipande. "Weka swali lingine." "Halafu upike." Mtu mmoja kacheka. Mwingine, sauti nzito, kasema hili si jambo la kuchekesha. Sijui kamaanisha nini. Sauti ya Mwalimu iko juu kuliko kawaida yake, haishuki. Wamefika ukurasa wa kumi na saba. Sasa hakuna anayecheka.

Upande wa pili wa korido kuna mke na mume, wamevaa vizuri, wana bahasha. Watu wa heshima, nimewaona. Mke kamtabasamia Meneja. Natamani wangekuwa na sura mbaya.

Meneja kavaa sweta, vifungo vyote. Nilijua atakuja na mfuko wake wa mistari, sikumkataza. Nilichokuwa sijakiona ni kwamba kuna mfuko wa pili, wa nailoni, ameuweka chini ya kiti chake. Nimeuliza una nini. Kaufungua mwenyewe. Soksi zangu mbili, zisizofanana. Miwani yangu ya kusomea, ambayo nimeitafuta tangu alfajiri. Bisibisi ndogo. Nusu ya mkate kutoka kwenye kopo, umefungwa kwenye karatasi.

Nikamuuliza huu ni wa nani.

Kasema: wako. Si na wewe umekaa kwenye kiti?

Mlango umefunguliwa. Mwalimu kasimama pale, ana kitabu changu mkononi, anasema tuingie wote wawili. Uso wake siusomi. Meneja keshasimama, mfuko wake begani, na ananinyooshea wangu.