Jibu kwa Msikivu

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ila goti la mama limeanza tena ubishi wake. Wewe je, kifua kimepoa? Unalala?

Programu yenu ya kutusomea skrini sisi tusioona imepata toleo jipya, hongereni. Sauti imelainika, haikwaruzi tena. Ila kuna kasoro inayonitesa kwenye kompyuta ya kazini, na mkuu wa mapokezi amesema nisipojirekebisha hadi mwisho wa mwezi, simu za hospitali atapokea mtu mwingine. Usiogope, sikuletei malalamiko nyumbani. Ulishaniambia: "Dada, kwenye barua niache niwe mdogo wako, kasoro zipeleke ukumbini mtandaoni kama watu wote." Nimeandika huko kwa jina la kubuni, wasije wenzako wakasema nabebwa. Nangoja.

Dada yako


19 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepoa, ni uchovu tu. Mchana niko ghalani kwa mwajiri, jioni ni programu, ambayo hatupati hata asante. Tunatukanwa kama tumewaibia watu kuku.

Sasa yupo mmoja anajiita Msikivu. Eti vitufe viwili, cha kuhamisha simu na cha kuikata, vyote vinasomwa "kitufe" tu. Eti anawakatia watu simu. Kaanza kwa kutusifu, kaeleza alichobonyeza, kapendekeza na dawa. Matusi nimeyazoea, huyu adabu yake ndiyo iliyonichoma, maana kweli tulitoa toleo bila kulijaribu vizuri. Nikamjibu mbele ya wote: "Mheshimiwa, kama vitufe vinakushinda, azima macho kwa jirani." Wenzangu wamecheka mpaka basi! Nikafunga mjadala.

Kasoro yako sijaiona. Umeiandika kweli?

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo.

Barua yako nimesomewa na jirani, fundi cherehani, kwa sababu programu yenu nimeiondoa. Alipofika pale pa kuazima macho, akacheka. Hakujua, maskini. Sasa ndiye anayeniandikia haya, na hacheki tena.

Msikivu ni mimi. Kabla ya kuwaandikia nilirekodi kwenye shajara yangu ya sauti, siku baada ya siku, kila simu niliyoikata na kitufe nilichobonyeza, nisije nikawasingizia. Sentensi zenye hasira nilizifuta zote. Nilijua mnachoka, na mnajitolea.

Kazini wamemweka anayeona.

Dada yako


9 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Sina uso wa kukuuliza hali.

Vitufe nimevirudishia majina yake. Ilikuwa mistari miwili tu ya kurekebisha, hata chai haikupoa. Jibu langu nimelifuta ukumbini, na mjadala wote, asiuone mtu. Mkuu wako nitampigia mwenyewe. Rudisha programu, nakuomba. Ningejua ni wewe, ningethubutu?

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti la mama limetulia, anakuulizia.

Mkuu usimpigie. Hapo pa "ningejua ni wewe" nilimwomba fundi apasome mara mbili. Yaani angekuwa dada wa mtu mwingine, ingekuwa sawa.

Na ulipofuta mjadala umefuta na maelezo yangu, kana kwamba mwenye aibu ni mimi. Yarudishe. Rudisha na jibu lako, chini yake uandike kwamba lilikuwa baya, waliocheka wasome. Fundi ataangalia ukumbini kila jioni akifunga duka. Nimemwambia mpaka aone kitu huko, barua zako asinisomee.

Dada yako


21 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini mama anatembea vizuri.

Wenzangu hawataki yarudishwe. Wanasema yatachafua kazi yetu, watu watahamia programu nyingine. Nilibishana nao kidogo, kisha nikanyamaza.

Najua hii hutasomewa. Ndiyo maana nimeweza kuiandika.

Mdogo wako