Samaki Chini ya Kitanda cha Habiba

Jumatatu, 9 Novemba 1953

Spitali tena. Siku ya sita. Yona, mwana wa mpwa wangu Mariamu, bado ana kichomi. Kifua kinapanda na kushuka kama mvukuto. Mto umejaa, mashamba ya bondeni yako chini ya maji, na mimi nimevuka peke yangu na kasia moja. Mwingine angezama.

Jambo limenikera. Spitali inampa mtoto uji. Mama hapewi kitu. Ndiyo sheria. Mama wanne wamo ndani ya wadi, wanashika vikombe vya wana wao na matumbo yanalia. Leo nimemwona Mariamu akipiga mafunda mawili ya uji wa Yona, kisha akageukia ukuta. Akalia kwa aibu. Sikuweza kukaa. Nikasimama katikati ya wadi nikatangaza: mimi mjomba wa Mariamu nitawalisha wote mpaka watoke.

Jilo, yule dresa wa kupiga sindano, akacheka. "Mjomba, jana ulituambia umemnyonga chui."

Nilimnyonga. Alikuwa mdogo.

Jumatano, 11 Novemba

Jana niliteremka kijijini Golbanti, leo nimepanda mto. Mabega yanawaka moto. Akina mama wa kanisa wametoa mikungu miwili ya ndizi, na wao wenyewe wamefurikiwa. Shemeji katoa debe la kambare wakavu. Nimepika vyote sufuria moja, nyuma ya wadi, kwa mkono wangu. Shule niliacha darasa la tatu, mwalimu aliona namshinda, lakini kupika hata mpishi wa Bwana DC hanifikii.

Wamekula. Mariamu kaongeza mara mbili. Habiba, Muorma wa ng'ambo, watu wa ng'ombe, kijana tu, mwanawe wa miezi minane ana kichomi pia, kapokea kwa mikono miwili. Kasema asante. Sauti nzuri.

Nimelisha spitali nzima. Watu wanne. Hesabu hiyo naiandika humu tu.

Alhamisi, 12 Novemba

Nimepika tena. Wamesifu. Nimewasimulia nilivyomtoa mzee Bonaya mdomoni mwa mamba. Habiba hakucheka. Mwanawe alilia mchana kutwa.

Ijumaa, 13 Novemba

Naandika nimesimama. Nikikaa nainuka.

Jilo kaniita. Kainama chini ya kitanda cha Habiba, kavuta majani ya mgomba. Ndani ndizi zangu na samaki wangu, wa juzi na wa jana, vinanuka. Hajatia hata tonge kinywani. Kapokea kwa heshima, kaficha kwa heshima. Maziwa yake yamekauka, ndiyo maana mwana analia. Mume yuko mbali, malishoni na ng'ombe. Habiba kasema kesho anambeba mwanawe aende kwao. Sindano sita za mtoto zimebaki.

Jilo hakucheka leo. "Akitoka na huyu mtoto kesho, mjomba, tutasikia kilio kutoka ng'ambo."

Waorma hawali samaki. Kila mtoto wa mto huu anajua. Mimi najua tangu sijaota meno. Ndizi peke yake angekula, nami nikazichanganya na samaki. Sikumuuliza. Nilikuwa nasikiliza sauti yangu. Mjinga mkubwa.

Nimemwomba anipe siku moja. Kainama kukusanya vitu vyake. Mariamu kaketi naye, kamshika mkono. Mimi nimezunguka ile wadi hata mpishi wa uji kanifukuza.

Jumamosi, 14 Novemba

Nimevuka mapema na debe, kwenda kuomba maziwa bomani kwa Bonaya. Si jamaa za Habiba, lakini ni Waorma wenzake. Nilifika najiamini. Mkewe Bonaya kanusa debe, karudi nyuma kama kaona nyoka. Debe la kambare! Maziwa yakiingia humo, wanasema, chuchu za ng'ombe zinakauka. Mara ya pili nafanya lile lile. Niliona haya mpaka masikioni.

Bonaya kanitazama, wanawe wote wamekuja. "Watu nasema wewe natoa mimi kwa mamba. Kweli?"

Basi hadithi imemfikia. Miaka ishirini naisimulia, nimeizoea, karibu naiamini. Ukweli ni huu. Mguu mdomoni mwa mamba ulikuwa wangu. Mkuki ulikuwa wake. Mimi nilipiga mayowe tu, na nilijikojolea.

"Wewe ndiye uliyenitoa," nikasema.

"Sema kubwa. Hawa watoto hapana sikia."

Nikasema kwa sauti. Na mkojo nikautaja. Walicheka mpaka mbwa wakabweka. Bonaya kafuta machozi, ndipo kauliza, "Sasa nani iko na njaa?"

Jumapili, 15 Novemba

Nimengoja maziwa ya asubuhi huko huko kwa Bonaya. Usiku sikulala, nikiwaza Habiba atakuwa ameondoka. Alfajiri nimesugua mtumbwi kwa mchanga na majivu. Mke wa Bonaya kautia pua kila pembe kabla ya kupanda. Kibuyu cha maziwa hakukiweka chini. Kakipakata kifuani mpaka ng'ambo, na maji yanatutupa huku na huku.

Habiba alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni, kitambaa kimefungwa tayari kwa safari. Yeye na mke wa Bonaya walisemeshana kikwao, sikuelewa neno. Kaketi. Kanywa. Kanywa tena. Mimi nikatoka kukausha mtumbwi.

Tumekubaliana. Kila asubuhi mke wa Bonaya analeta maziwa kivukoni, Mariamu anampa ndizi za Golbanti. Mimi kasia tu.

Jumanne, 17 Novemba

Maziwa ya Habiba yamerudi. Mtoto ananyonya kwa kelele. Yona kaomba ugali. Bado nahesabu sindano. Bado sikai.

Ijumaa, 20 Novemba

Habiba karuhusiwa. Sindano ya jana ilikuwa ya mwisho, Jilo kasema kifua ni safi. Nimewavusha. Ukingoni palikuwa na utelezi, akahitaji mikono miwili ya kupandia, basi akanipa mtoto. Sikuombwa lolote jingine. Nilisimama kwenye matope nimemshika, ananivuta ndevu, mpaka mamake alipofika juu na kunyoosha mikono.

Mzito, yule mtoto.

Nimerudi taratibu. Hadithi hii sijamsimulia mtu.