Mwalimu wa Kuanguka

Baba Nasra, mume wangu,

Mwanao amelala hoi mchana huu, hata wali hakuumaliza, na nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia friji la jirani linavyonguruma. Ungekuwepo ningekusimulia kwa mdomo, wewe umejilaza pale kwenye mkeka unajifanya umesinzia, kumbe unasikia kila neno. Sasa sina wa kumsimulia. Mama Chausiku wa mlango wa pili ni mtu mwema, lakini ukimpa habari moja anakurudishia zake tatu, yako inapotea humo humo. Basi nakuandikia wewe.

Nimempeleka Nasra jimnastiki. Cheka tu, najua unacheka. Hata mie nilikuwa silijui hilo neno, nilikuwa najua sarakasi.

Tangu tukuzike mtoto hakai chini. Kutembea kwa mikono, kujipindua, kutembea juu ya ukuta wa kina Chausiku kama paka. Mie nikimwona juu ya kitu chochote, hata kitanda, nakimbilia kumshusha. Nikampiga marufuku. Nikamwambia, "Nasra, nikikuona tena miguu juu, utanitambua!" Akaitikia vizuri, "Sawa mama." Kumbe anaenda nyuma ya choo, kwenye zege, anajipindulia huko peke yake. Nilimkuta siku moja kichwa chini, gauni limemfunika uso, anajiimbia. Nilikaa chini palepale nikamngoja amalize wimbo wake. Nikaona huyu sitamzuia. Nikimkataza ataanguka mahali ambapo simwoni.

Mwalimu wake wa shule ndiye aliyeniambia, "Mama Nasra, huyu mtafutie sehemu nzuri afundishwe." Mtafutie sehemu nzuri. Rahisi kusema.

Unakumbuka tulivyomtafutia chekechea? Mwalimu mkuu anatukaribisha ofisini, wewe hata hujakaa unauliza, "Choo kiko wapi?" Nikaona aibu, nikadhani umebanwa. Kumbe umekwenda kukagua. Ukarudi ukaninong'oneza, "Twende zetu, mlango hauna komeo." Ile shule ya pili ukawa unagonga kuta kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Mie nilikuwa nimesimama dirishani naangalia walimu wanavyowafuta watoto kamasi. Tukirudi nyumbani tunakutanisha tuliyoyaona. Wewe ulikuwaga wa majengo, mie wa watu. Safari hii imenibidi niwe wote wawili, na majengo mie siyajui.

Kwanza nilikwenda kule njia ya Kunduchi, nilielekezwa na mteja wangu wa vitumbua. Ukumbi wenyewe una baridi ya mashine, sakafu inang'aa unajiona uso. Wazazi wamekaa wawili wawili. Nilivaa lile baibui la sikukuu na bado nilijihisi nimekosea kuvaa. Nikaenda chooni kwanza, kwa ajili yako. Choo kina hadi maua. Nikarudi nimefurahi, nikamwuliza mwalimu, kijana mstaarabu tu, "Mwanangu, hawa wakianguka inakuwaje?"

Akatabasamu. "Ondoa wasiwasi, mama. Hapa kwetu mtoto haanguki."

Baba Nasra, maneno hayo nilishayasikia. Unaikumbuka siku ile niliyokuletea chakula saiti? Mlikuwa mnapiga plasta ghorofani, mmesimama juu ya mbao zilizofungwa kwenye miti ya mirunda, mie chini nimeshika hotipoti na roho iko mkononi. Nikamwuliza msimamizi wenu kama kule juu kuko salama. Akanijibu, "Shemeji, hapa hajawahi kuanguka mtu." Nawe ukacheka naye, plasta imekujaa hadi kwenye kope, ukanifukuza, "Nenda nyumbani Mama Nasra, utanitia nuksi!" Nikaenda. Haukupita mwezi zile mbao zikaachia nawe ukiwa juu.

Yule kijana hakuwa na kosa lolote, hanijui. Ila tangu hapo mtu akiniambia hapa haanguki mtu, mie simsikii tena. Nikamshika Nasra mkono tukatoka. Alilia njia nzima maana alishaiona trampolini, lile turubai lao la kurukia.

Pa pili ni Tandale, kiwanja kiko nyuma ya soko, vijana wa sarakasi wanafundisha watoto wa pale. Wamefukia matairi nusu, wanayakanyaga yanawarusha. Nasra walimpenda hapo hapo. "Huyu si mtoto, huyu mpira!" walimwita, wakampa kipande cha muwa. Na mie niliwapenda, nikwambie ukweli. Wanacheka na watoto, hawana makuu. Nikamwuliza mkubwa wao swali langu lile lile.

"Akianguka? Anajikung'uta anaendelea! Sie wote tumekulia hivyo, bimkubwa. Ona hii." Akanyanyua kidevu akanionyesha kovu, analijivunia kama medali.

Nikauchokonoa mchanga kwa kidole cha mguu, kama ambavyo ungefanya wewe. Kikatoka kipande cha chupa. Nikageuka haraka nikuonyeshe. Nimekwisha kuzoea mambo mengi, kulala peke yangu, kubadilisha mtungi wa gesi, lakini hili la kugeuka sijalizoea. Nilibaki nimeshika kile kichupa, vijana wananiangalia, wanadhani nimekasirika.

Mama Chausiku akanichamba niliporudi. "Wenzio wanatafuta madrasa, wewe unatafuta pa kumpindulia mtoto wa kike!"

Nikamwambia, "Madrasa anaenda. Ila kule hawamfundishi kushuka ukutani kwako."

Akacheka, na mie nikacheka, halafu kila mtu akaingia kwake. Nilikaa jikoni nikasema basi, tumeshindwa. Nilikuwa nakukasirikia, ujue. Nilikukasirikia kwa kuniachia jambo kama hili niamue peke yangu. Nikikosea hapa, nikampa mtu asiyefaa shingo ya mtoto wetu, nitakwenda kumwambia nani kwamba tulikosea wote?

Pa tatu nimepapata hapa hapa Temeke, ukumbi wa zamani wa mikutano, bati lina kutu. Choo nisikufiche, ungenuna. Lakini komeo lipo. Anayefundisha ni mama mtu mzima, Mwalimu Agnes, mtu wa bara, sauti kavu, hacheki ovyo. Magodoro yake ameyavisha turubai na kuyashona mwenyewe. Nikayakanyaga yote, moja baada ya jingine, naye ananiangalia tu. Nikamwuliza, "Mwalimu, wakianguka?"

"Wanaanguka," akasema. "Kila siku wanaanguka. Ndicho kitu cha kwanza ninachofundisha. Mwanao mwezi wa kwanza hatapindua kitu hapa, ataanguka tu."

"Mwezi mzima?"

"Wengine zaidi. Sasa mama, asiyejua kuanguka nitamruhusuje kupanda?"

Nyuma yake kulikuwa na kivulana kimesimama juu ya ubao mwembamba kinatetemeka. Mwalimu Agnes akaniacha katikati ya maneno, akaenda kusimama pembeni yake, kiganja amekiweka nyuma ya mgongo wa mtoto bila kumgusa. Hakumsukuma, hakumwambia jikaze. Alimngoja mpaka alipoamua mwenyewe kushuka. Hapo ile kazi yangu ya kuangalia watu ikawa imekwisha. Ya majengo utanisamehe.

Akaniuliza ikitokea dharura na simu yangu haipatikani ampigie nani. Zamani ningempa yako. Nikampa namba ya Mama Chausiku.

Leo ndiyo Nasra ameanza. Nilikaa kwenye benchi kwa nyuma. Mwalimu anapaza sauti, "Kidevu kifuani! Mkono usiukaze! Jikunje, bingirika!" na mwanao anajiachia, puu. Mie kila puu nafumba macho. Nikasikia puu, halafu kicheko. Puu, kicheko. Mwisho nikajilazimisha kufungua. Nikamwona anavyokwenda chini, amejikunja kama kata ya mtungi, anabingirika, anasimama, anavuta kaptula juu, anarudi kwenye foleni. Machozi yakanitoka. Mama aliyekaa jirani akaniuliza, "Vipi, kaumia?" Nikamwambia hapana, hajaumia.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya nikuandikie. Tunarudi nyumbani kwa miguu, yeye ananionyesha hiki na kile walichofundishwa. Halafu akaniuliza, sauti ya kawaida kabisa kama anayeuliza tunakula nini, "Mama, kwani baba hakufundishwa kuanguka?"

Pale kulikuwa na muuza karanga. Nikajifanya nachagua karanga. Yule mtu akasema, "Zote sawa, dada," mie bado nachagua tu.

Nikamwambia, "Hakufundishwa, mwanangu. Walimfundisha kupanda tu."

Akanishika mkono, wake bado una vumbi la yale magodoro, akasema, "Ningemfundisha mie."

Nikamlipa muuza karanga tukaja nyumbani. Amekula nusu sahani akalala. Nimekaa mlangoni namwangalia, nikaona maneno haya ni yako, si yangu kukaa nayo. Yapokee.

Nitampeleka tena wiki ijayo, na nyingine. Nitajitahidi nisifumbe macho. Mungu akupe mapumziko huko uliko, na sie utuombee.

Mkeo anayekukumbuka,
Mama Nasra