Saini Saba

Makorora, Tanga
Jumatatu, 12 Februari 2024

Kwa dada yangu mpendwa Time,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini karatasi hizi zitakukuta mzima, goti la kulia limepoa, na shemeji Khatib amemaliza kuanika karafuu zake kabla mvua haijamchezea. Sisi huku hatujambo. Mama watoto anakusalimu. Mwanao Samira naye ni mzima, na habari zake ndizo zitakazojaza barua hii.

Barua yako niliipokea kwa mkono wa Yakoub. Uliniagiza nisikujibu kwa simu, kwa kuwa simu yako hupokelewa na nyumba nzima na kila mmoja ana lake la kuongeza. Nimetii. Uliniuliza mambo mawili: kama ni kweli kwamba chuo chetu cha ualimu kinakusudia kupiga marufuku nikabu, na kwa nini mimi, mjomba wake, simwamuru Samira aivue amalize masomo. Ukakumbusha kwamba wewe na marehemu mama mmevaa mabuibui maisha yenu yote, uso wazi, na hakuna aliyetilia shaka dini yenu. Nitaanza na la kwanza, kwa sababu jibu la pili limo ndani yake.

Mwezi uliopita, mwanafunzi mmoja wa darasa la Samira, ambaye jina lake sitaliandika, aliwasilisha cheti cha hospitali akiomba aongezewe muda wa mazoezi ya kufundisha. Tarehe za cheti zilionyesha kwamba siku ya mtihani wa saikolojia, mwishoni mwa Novemba, alikuwa amelazwa. Hata hivyo karatasi yake ya mtihani ilikuwapo, imesahihishwa, na alama zake zilikuwa nzuri. Alipobanwa alikiri kwamba binamu yake alivaa nikabu, akashika kitambulisho chake na kumfanyia mtihani. Akafukuzwa. Wiki hiyohiyo likafika pendekezo kwenye Baraza la Chuo kwamba nikabu isivaliwe kabisa ndani ya uzio wetu.

Wakati huo nilikuwa mratibu wa mitihani na pia katibu wa Baraza, kwa hiyo kila lililosemwa nililiandika. Mtoa hoja alikuwa Mwalimu Ruthi, Mlutheri wa Lushoto, mtu makini ambaye sijapata kumwona na chuki. Alisema mtoto wa darasa la kwanza hujifunza kutamka kwa kutazama midomo ya mwalimu, na kwamba chuo kisichoweza kumtambua mtahiniwa wake hakina haki ya kumpa cheti. Sheikh Zubeiri, anayefundisha maarifa ya dini, alimuunga mkono kwa njia yake: wanazuoni wamehitilafiana kuhusu kufunika uso, wengi hawakuona kuwa ni wajibu, basi kuomba uso uachwe wazi mahali pa kazi si dhuluma. Aliyepinga kuliko wote ni Mwalimu Eliudi, Mkatoliki. Alisema shangazi yake ni sista, kwamba tangu azaliwe hajaziona nywele za shangazi huyo, na hajasikia baraza lolote lililokaa kuzijadili. Ruthi akamwambia, baba, hakuna anayefanya mtihani kwa nywele. Watu walicheka, hata Eliudi mwenyewe.

Nyumbani nilimweleza Samira. Alinisikiliza huku akichambua mchele. Akasema akiwa darasani na watoto hufunua uso bila kuombwa, na mlangoni mwa mtihani hufunua mbele ya mwanamke. Kwingine ni hiari yake, na marufuku ikipita atapanda boti arudi Wete. Nilimwambia amebakiza miezi minne tu. Akaniuliza kama ningemshauri aache kuswali kwa miezi minne. Hakusema kwa jeuri. Unamjua, hapandishi sauti. Hata wenzake wanaomwita ninja hawakasirikii. Rafiki yake Precious humpokea getini kila asubuhi kwa kumuuliza, wee ninja, leo umenuna au unacheka, naye humjibu akisie.

Katika kikao cha pili mjadala ulihamia kwenye uhakiki. Lazima nikueleze utaratibu wetu. Kando ya ukumbi wa mitihani pana chumba kidogo chenye pazia. Wanawake wenye nikabu huingia humo mmoja mmoja, matroni wetu Mama Benedikta huwatazama nyuso na kuzilinganisha na vitambulisho, kisha fomu hutiwa saini. Kwa miaka tisa hapakuwa na malalamiko. Mama Benedikta hutania kwamba anawajua wote kwa meno. Ruthi alisema: kama uhakiki huo ulifanyika na bado tumedanganywa, basi hauna maana, na dawa ni marufuku. Akaongeza kwamba matroni aandikiwe onyo kwa uzembe. Kwa hesabu yangu, kura zingepigwa siku ile, sita wangeunga mkono marufuku na wanne wangepinga. Zikaahirishwa hadi Jumatano.

Kesho yake Mama Benedikta alikuja ofisini kwangu. Hakuwa na hasira. Alishika karatasi ya ruhusa niliyomwandikia mimi mwenyewe, inayoonyesha kwamba siku ya mtihani ule alikuwa Korogwe kwenye maziko ya wifi yake. Alidhani nimesahau. Akaniomba tu niwakumbushe wakubwa, maana, alisema, wewe mwalimu ndiye unayetunza makaratasi.

Dada, sikuwa nimesahau. Siku ile penye pazia nilisimama mimi. Utaratibu unataka matroni asipokuwapo niite mwalimu mwanamke, na Ruthi alikuwa ndani ya ukumbi, hatua ishirini kutoka nilipokuwa. Zilibaki dakika saba mlango ufungwe. Wasichana saba walijipanga, wakaniamkia mmoja baada ya mwingine. Niliona kumwita mtu aje kuwafunua ni kama kuwashuku mbele ya wenzao. Nikainamisha macho kama baba alivyotulea, nikapokea vitambulisho, nikamuuliza kila mmoja kama ndiye. Kila mmoja akasema ndiye. Nikatia saini mara saba. Baraza lilipotaka taarifa, niliandika kwamba uhakiki ulifanyika na fomu zikatiwa saini, na fomu zenyewe nikazifungia kabatini mwangu. Kisha nikakaa vikao viwili nikiandika hoja za watu wazima waliokuwa wakibishana juu ya kosa la nikabu. Nikabu haikunidanganya. Hata yule binamu angekuja uso wazi nisingemtambua, kwa sababu sikutazama.

Jumanne, baada ya alasiri, nilimweleza Samira kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilijiandaa kwa maneno mengi, na sikuyahitaji. Aliniambia anajua. Katika ule mstari alikuwa wa tatu, Dada. Alikuwa mbele yangu. Wenzake walitaka kwenda kwa Mkuu wa Chuo tangu siku ya kwanza, akawasihi wasubiri. Alisema, "Mjomba, nilitaka useme mwenyewe." Nikamuuliza kama nisingesema. Akajibu kwamba boti ya Pemba ipo kila wiki.

Jumatano nilisoma maelezo yangu mbele ya Baraza na kuweka zile fomu mezani. Mama Benedikta hakuandikiwa onyo. Marufuku ilikataliwa kwa kura saba kwa tatu, na sasa watakuwapo wahakiki wawili wanawake, mmoja akikosekana yupo mwingine. Ruthi hakubadili kura yake. Kuhusu darasa la watoto bado ana hoja ambayo sijaweza kuijibu yote. Mimi nimeondolewa uratibu na ukatibu, na nasubiri barua ya nidhamu. Matokeo ya somo lile kwa wote niliowatilia saini yamefutwa. Sita waliobaki wamelazimika kurudia mtihani, Samira akiwa mmoja wao, bila kosa lolote. Akifaulu atahitimu Juni pamoja na wenzake. Ukiwa na la kusema juu ya hilo, uniambie mimi, usimwambie yeye.

Swali lako la pili sasa naamini umepata jibu lake. Alikuwa tayari kuacha diploma kuliko kuniumbua. Sioni ni amri gani ninayoweza kumpa.

Mtihani wa marudio ulifanyika juzi Jumamosi. Nilimsindikiza, nikakaa kwenye benchi la nje wanapokaa wazazi. Sauti ya Mama Benedikta ilinifikia kutoka nyuma ya pazia, akimwambia aliyeandika fomu: "Samira Khatib. Nimemwona, ndiye."

Mwezi mtukufu umekaribia. Tukijaaliwa, tutafuturu nanyi Wete siku za mwisho. Nisalimie shemeji Khatib, majirani wa upande wa kisimani, na wote wanaoniuliza. Barua hii msomee shemeji pia, yote, bila kuruka mahali.

Mimi mdogo wako,
Luqmani