Feruzi Imepauka

Mwenzangu, nimesimama nje ya geti la mama mkwe na hasira zangu.

Ile pete yangu ya ndoa yenye jiwe la feruzi unaijua. Buluu imepauka, imekuwa rangi ya maji ya kufulia soksi. Basi mama mkwe kanidaka mkono mezani, mbele ya ukoo mzima: "Feruzi haipauki bure. Hupauka mke akitoka nje ya ndoa."

Akitoka nje ya ndoa. Mimi.

Wifi akadakia, eti hata bibi yao alisema hivyohivyo, jiwe halidanganyi. Jiwe, mwenzangu. Jiwe linaaminiwa kuliko mimi.

Na mume wangu? Alikitazama kidole. Usoni hakunitazama. Akauliza taratibu, "Imeanza lini?"

Imeanza lini.

Nikamwambia imeanza siku mliponikabidhi sufuria zenu nizisugue kwa sabuni kali kila Jumapili, nyie mmekaa mnachokonoa meno.

Hapo mama mkwe akauachia mkono wangu.

Pete nimeivua, nimeitumbukiza kwenye ile sufuria kubwa yenye ukoko. Atakayeisugua leo aivae, tuone na yeye anatoka na nani.