Pigo la Tatu Halikuchelewa

Mama,

Shikamoo. Nimeanza na salamu, maana hata huko uliko najua usingesoma barua ya mtoto asiye na adabu. Ukishaitikia kaa vizuri, kwa sababu nimekuja na habari za ugomvi, na safari hii sikukimbia.

Albamu yako imetoka. Inaitwa Kupura, kama ulivyotaka, na jina lako liko juu peke yake, pale ambapo watu wamezoea kuona jina la mwimbaji. Wapo walioniuliza tangu lini mpiga dramu akawa mwenye bendi ya jazi, tena mwanamke. Nikawajibu: tangu alipozitunga nyimbo zote saba akichambua mchele, akigonga sinia, huku akituimbia kwa mdomo sehemu ya tarumbeta, sehemu ya gita, na sehemu yangu mimi wa besi. Wakatafuta jambo jingine la kusema.

Lakini nyimbo zilizomo ni sita. Nitakueleza, na ukitaka kunikasirikia una haki.

Unakumbuka zile siku tulizorekodi Dodoma. Miguu ilikuwa imevimba, viatu vikakataa, ukapiga pekupeku. Na katika kila wimbo, kwenye ule mdundo wako wa mapigo matatu, pigo la tatu lilikuja nyuma kidogo. Si sana, kama mgeni aliyesimama mlangoni avue kandambili kabla ya kuingia. Nilikwambia, "Mama, la tatu linachelewa." Ukasema, "Sikiliza tena." Nikasikiliza tena, nikasikia kuchelewa kulekule, nikanyamaza kwa kuwa wewe ni mama yangu. Moyoni nilisema ni ugonjwa.

Tulipokwisha kukuzika, Eliya, yule fundi wa studio, alinipigia simu. Akasema kompyuta inaweza kunyoosha: analishika kila pigo lililochelewa, analisogeza mbele, na hakuna atakayejua. Mzee Shabani, mpiga gita wako wa miaka yote, akasema ni jambo jema, bendi isije ikaaibika. Nami nikakubali. Mama, nilikubali. Niliona nakusitiri. Sikutaka watu wa mbali wasikie mkono wa mgonjwa wakadhani ndivyo ulivyokuwa siku zote.

Siku ya arobaini tulikuwa Ikungi, kwa Mama mkubwa. Watu walipokwisha kula nikaweka wimbo wa kwanza kwenye spika, nikitaka dada yako afarijike. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisa hata kichwa. Kisha akasema neno la Kinyaturu ambalo siliandiki hapa, akageukia Kiswahili ili na wageni wasikie: "Nani huyu anapiga? Huyu siyo mdogo wangu."

Nikamwambia ni wewe.

"Basi mimi mmenipeleka wapi?"

Ndipo akaniambia, mbele ya wote, kitu ambacho wewe hukuniambia maisha yako yote. Mlipokuwa wasichana mkipura alizeti, mlizunguka lundo la vichwa vyake, watu watatu na fimbo zenu. Bibi alipiga la kwanza, wewe la pili, Mama mkubwa la tatu. Bega lake lilikuwa limeteguka alipoanguka na ndoo kisimani, na halikurudi sawasawa, kwa hiyo fimbo yake ilishuka polepole. Wengine wangemwambia akae pembeni apepete. Bibi hakukubali. Alisema anayekula ugali wangu anapura na mimi, na mtu asiinue fimbo ya duru nyingine kabla ya wa tatu kutua. Aliyeharakisha alipata fimbo ya vidole, na hakupewa pole.

Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Halafu nikakukasirikia. Ungesema tu, Mama! "Sikiliza tena" ni maelezo gani? Lakini ndivyo ulivyofundisha kila kitu, hata kupika ugali. Ulitaka mtu aungue kwanza.

Kesho yake nikapanda basi kwenda Dodoma. Nilimwambia Eliya arudishe kila pigo mahali pake. Akasema wimbo mmoja umeshaanza kusikika redioni na wanaupenda. Nikamwambia wanampenda mtu asiyekuwepo. Akafungua rekodi za mwanzo, na hapo nikasikia jambo lililonikalisha chini. Besi yangu nayo ilikuwa inachelewa. Kila mahali uliposubiri, nami nilisubiri, na Eliya alikuwa amelazimika kuninyoosha pia. Kumbe kichwa changu kilikuwa kinalalamika wakati vidole vyangu vilishakuelewa zamani.

Nyimbo sita zilikuwepo kama ulivyozipiga. Wa saba haukuwepo. Eliya alikuwa ameandika ulionyooshwa juu ya ule wa kwanza, ukafutika, akijua kazi imekwisha. Ni ule mrefu, Mama, ambamo wewe unanyamaza ukamwachia Mzee Shabani gita peke yake, kisha unarudi taratibu chini yake. Ulio bora kuliko yote. Niliupoteza mimi, kwa neno moja la "sawa" kwenye simu, na hakuna fundi wa kunirudishia. Kwa hilo naumia, na sijui kama nitaacha kuumia.

Mzee Shabani alitaka uingie vivyo hivyo. Niliporudi nilimfuata kwake hapa mjini kwetu, nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu tukagombana. "Watu watajua nini wao?" akasema. "Ukiutoa huo, na jina langu toa." Ni gita lake bora, namwelewa. Nikamwambia, "Mzee, nitalitoa kwa mkono wangu, na shikamoo nitaendelea kukupa." Siku ya kuchapa jalada hakulisema tena, kwa hiyo jina lake limo. Ila tukikutana stendi anaitikia marahaba akiangalia mabasi.

Juma lililopita mtangazaji mmoja alicheza wimbo wa pili, akasema ngoma zinapwaya kidogo, labda mama wa watu alikuwa amechoka. Nilikuwa kazini, kwenye mashine ya kukamua alizeti. Nikaizima, nikapiga simu hewani. Nikasema, "Hajachoka. Anamngoja mtu." Akacheka, akaweka tangazo la sabuni. Na acheke. Nitapiga tena, kila watakaposema hivyo nitapiga, mpaka namba yangu waifunge.

Nimekukumbuka kuliko nilivyodhani mtu mzima anaweza kumkumbuka mama yake. Dramu zako ziko sebuleni na kila anayeingia anaambiwa asizisogeze. Mke wangu amechoka kuzizunguka akifagia, lakini hata yeye amekataa tuzifunike.

Sasa sikiliza ahadi yangu. Wimbo wa saba tutaurekodi upya. Nimeshawajaribu wapiga dramu wawili, wote hodari, mikono miepesi kuliko yako, nisamehe. Nikawarudisha, kwa sababu wanahesabu vizuri lakini kungoja hawajui. Nitamtafuta wa tatu, na wa kumi. Mama mkubwa amesema siku hiyo atakuja kukaa studio, mbele ya mpigaji, amwangalie mkono. Na Mzee Shabani nitamwendea tena, hata akiniitikia kwa kunipa mgongo, maana lile gita ni lake na nafasi yake iko palepale. Ule ulionyooshwa nimemwambia Eliya aufute, na nilikaa hapo mpaka akaufuta.

Watasema tunajichelewesha, kwamba muziki wa siku hizi haupigwi hivi.

Lala salama, Mama. Sisi tuko hapa na fimbo zetu chini. Asiyeweza kungoja, atangulie.

Mwanao wa besi